Hans Reck na Mijusi Warukao wa Tendaguru

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari na watakatifu. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Kazi yake ilikuwa kuchimba ardhi, kupanda milima ya moto, na kuandika aliyoyaona. Jina lake ni Hans Reck, Mjerumani, mjuzi wa elimu ya miamba.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika nchi zetu hizi, wakati Burundi, Rwanda na bara la Tanganyika zilipokuwa koloni moja la Wajerumani. Sisi tusomao hapa Carama twajua kwamba Wabelgiji waliingia nchini mwetu mwaka 1916. Kabla ya hapo, bendera iliyopepea Usumbura ndiyo iliyopepea Lindi. Sababu ya pili ni kwamba maisha yake yanatufundisha jambo ambalo kila mwanafunzi hana budi kulijua, nalo ni hili: mtu afanyeje anapotakiwa kukipa kitu jina, na yeye ameona kipande chake tu.

Ujana wake

Reck alizaliwa tarehe 24 Januari 1886 katika mji wa Würzburg, jimbo la Bavaria. Alijifunza elimu ya miamba, na hasa alipenda habari za milima itoayo moto. Baadaye alifanya kazi Berlin chini ya Profesa Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya miamba na mifupa ya kale ya chuo kikuu cha huko.

Safari yake ya kwanza iliyojulikana ilitokana na msiba. Mwaka 1907 Mjerumani mwingine, Walther von Knebel, alikwenda Iceland kuchunguza mlima wa moto uitwao Askja. Yeye na mchoraji Max Rudloff waliingia katika ziwa la mlima ule kwa mashua, wasionekane tena. Mchumba wake Knebel, Bibi Ina von Grumbkow, hakukubali kukaa nyumbani akilia. Mwaka 1908 alisafiri mwenyewe mpaka Askja pamoja na Reck, aliyekuwa kijana wa miaka 22. Walitafuta ukingoni mwa ziwa wasipate mwili hata mmoja. Basi wakajenga rundo la mawe liwe ukumbusho, wakarudi. Katika safari hiyo Reck na mwenyeji mmoja, Sigurður Sumarliðason, walipanda mpaka kilele cha mlima Herðubreið, ambacho haikujulikana kuwa mtu amewahi kukifikia. Baada ya miaka michache Reck na Bibi Ina walioana, na mwaka 1912 wakaja pamoja Afrika ya Mashariki.

Kilima cha Tendaguru

Tendaguru ni kilima kidogo katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Wamwera. Mwaka 1906 mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler aliona hapo mfupa mkubwa ajabu umetokeza juu ya ardhi. Mwaka 1907 Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika kuutazama, akatoa habari zake Ulaya. Toka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mahali hapo. Viongozi wa kwanza walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimu wa mwisho, wa 1912 na 1913, uliongozwa na Reck.

Lakini neno hilo kuongoza lisitudanganye. Waliotia jembe ardhini walikuwa Waafrika, nao kwa wakati fulani walifika 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye kwa mazoea ya kazi alikuwa hodari wa kuutoa mfupa mbovu ardhini bila kuuvunja. Watu wa nchi ile walikuwa wametoka katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa kali iliyovifuata. Wengi walikuwa wamefiwa na jamaa zao, nao sasa walichimba kwa ujira wa serikali ileile iliyowapiga. Mifupa ilifunikwa kwa plasta au udongo, ikafungwa kwa mianzi, kisha ikachukuliwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi. Mizigo iliyopelekwa Berlin katika miaka yote hiyo ilizidi tani 200. Bibi Ina alikaa kambini pamoja na mumewe, na mwaka 1924 alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo.

Mifupa membamba

Jina la Tendaguru lilienea ulimwenguni kwa sababu ya wanyama wakubwa. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, na kimo chake chapita mita 13. Watu wengi huingia, humtazama huyo, wakatoka. Lakini katika mizigo ileile mlikuwamo pia mifupa midogo, mitupu kwa ndani kama mwanzi, na ukuta wake mwembamba sana. Mifupa ya namna hiyo ni ya mnyama arukaye, maana mwili mzito hauwezi kupanda hewani. Hiyo ilikuwa mifupa ya wanyama ambao wataalamu huwaita terosauri, nao waliishi hapo zamani sana, yapata miaka milioni 150 iliyopita, wakati sehemu ile ilipokuwa pwani yenye maji ya kina kifupi.

Mimi nawaita mijusi warukao, kwa kuwa jina hilo ni jepesi kwa msomaji. Hata hivyo yafaa ijulikane kwamba hawakuwa mijusi hasa, wala dinosauri, wala ndege, wala popo. Walikuwa ukoo wao wenyewe katika jamii kubwa ya reptilia. Wa kwanza kuelezwa kwa maandishi alitoka katika mawe ya Bavaria, na aliyemweleza mwaka 1784 ni Cosimo Collini, ambaye alidhani labda ni mnyama wa baharini. Mwaka 1801 Georges Cuvier wa Paris, ambaye alikuwa ameona picha iliyochorwa tu, alitambua kwamba ni reptilia mwenye kuruka. Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 1812 mjuzi mwingine, Soemmerring, alishikilia kwamba mnyama huyo ni wa jamaa ya popo.

Msomaji akitaka kulielewa bawa la mnyama huyu, na autazame mkono wake mwenyewe. Aanze kuhesabu kutoka kidole gumba mpaka cha nne, yaani kidole cha pete. Vidole vitatu vya kwanza vya terosauri vilikuwa vifupi vyenye kucha. Cha nne kilirefuka kupita kiasi, na ngozi ikatandazwa toka ncha yake mpaka ubavuni. Kidole cha mwisho hakikuwako kabisa. Popo hutandaza ngozi yake kwa vidole vinne, na ndege huruka kwa manyoya. Terosauri alitegemea kidole kimoja. Kwa hiyo mtu akiokota pingili moja ya kidole hicho, hata ikiwa imevunjika, aweza kusema kwa hakika kuwa hapa aliishi terosauri. Ugumu waanza pale anapotakiwa kusema ni terosauri yupi.

Nyakati za Reck waligawanywa katika mafungu mawili makubwa. Fungu moja lilikuwa na mkia mrefu na mifupa mifupi ya kiganja, nalo mfano wake ni Rhamphorhynchus. Fungu la pili lilikuwa na mkia mfupi na mifupa mirefu ya kiganja, nalo mfano wake ni Pterodactylus. Katika mawe laini ya Bavaria wanyama hawa hupatikana wazima, wamelala kama ua lililokaushwa ndani ya kitabu. Kule Tendaguru haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya mifupa yao ilitawanyika kabla ya kufunikwa na udongo. Hapa mfupa wa mkono, pale wa mguu, na mwenyewe hajulikani.

Olduvai na miaka ya vita

Kabla ya kueleza alivyoipanga mifupa hiyo, sina budi kutaja kazi nyingine iliyomletea Reck sifa na taabu pamoja. Mwishoni mwa 1913 alichimba katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania ya leo. Huko aliyagawa matabaka ya ardhi na kuyahesabu, la kwanza hadi la tano, na mgawanyo huo uliwafaa sana waliomfuata. Katika tabaka la pili yalionekana mabaki ya mtu mzima, fuvu na mifupa. Kwa kuwa tabaka lile lilikuwa na mifupa ya wanyama waliokwisha toweka, Reck aliamini kwamba mtu yule naye ni wa zama zao. Habari hiyo ilipofika Ulaya mwaka 1914 ilizusha mabishano makubwa, wengi wakisema huyo ni mtu aliyezikwa tu baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Reck alikuwa Afrika ya Mashariki, na kwa muda mrefu utafiti ulisimama. Baada ya vita aliirudia milima yake ya moto. Alichunguza mlipuko wa kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, uliodumu toka 1925 hadi 1928, akauandikia kitabu kikubwa kilichotoka 1936.

Mwaka wa 1931

Mwaka 1931 mambo mawili yalikutana katika maisha yake. La kwanza, alitoa maandishi yake juu ya mijusi warukao wa Tendaguru, miaka 18 baada ya uchimbaji kwisha. Aliigawa ile mifupa iliyotawanyika, akatoa majina manne mapya. Matatu aliyatia katika fungu la Pterodactylus, na moja katika fungu la Rhamphorhynchus. Jina moja lilikuwa brancai, kwa heshima ya mwalimu wake. La pili, katika mwaka huohuo alirudi Olduvai pamoja na Louis Leakey wa Kenya.

Natumaini msomaji ataniruhusu nieleze kazi ya kupanga na kuchora wanyama wa namna hii, maana ndiyo kiini cha habari yangu. Tuseme tunaye terosauri mzima wa Bavaria, ambaye mfupa wake wa mkono una sentimita 5. Sasa Tendaguru tunapata mfupa wa mkono wa umbo lilelile, nao una sentimita 10. Mchoraji atazidisha kila kiungo mara mbili, naye atapata mnyama kamili wa kutiwa kitabuni. Hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini je, tuna hakika gani kwamba viungo vya wanyama wote wawili vililingana vivyo hivyo? Chukueni mfano wa ndege tuwajuao. Mtu ambaye hajapata kumwona korongo, naye anamjua bata tu, akipewa mfupa wa mguu wa korongo atachora bata mkubwa wa ajabu ambaye hajawahi kuishi duniani. Mfupa ni wa kweli, hesabu ni ya kweli, na picha ni ya uongo.

Hii ndiyo hatari iliyomkabili Reck. Wanyama aliowajua vizuri ni wale wa Ulaya, kwa hiyo wale wa Afrika aliwapanga katika nyumba zilizokwisha jengwa kule. Hakuwa na wengine wa kuwalinganisha nao.

Kutia sahihi juu ya ukweli

Huko Olduvai mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mwaka 1931 Leakey, ambaye mwanzo hakumsadiki, alikubaliana na Reck kwamba yule mtu ni wa zamani sana, nao wakatangaza hivyo. Muda si mrefu udongo ulioshikamana na mifupa ulipimwa. Ndani yake mlionekana chembe nyekundu za tabaka la tatu na vipande vya chokaa vya tabaka la tano. Maana yake ilikuwa wazi. Mtu yule alizikwa katika kaburi lililochimbwa toka juu, na udongo wa juu ukaanguka pamoja naye. Hakuwa wa zama za tabaka la pili.

Kwa miaka 20 hivi jina la Reck lilikuwa limefungamana na mifupa ile. Mtu mwingine angeweza kununa, au kuwatukana waliompinga, au kunyamaza mpaka watu wasahau. Mwaka 1933 ilitolewa taarifa katika gazeti la sayansi la Uingereza, kueleza kwamba mifupa ile ni ya kaburi la baadaye. Miongoni mwa waliotia sahihi, pamoja na wale waliompinga, ni Reck mwenyewe. Kwangu mimi tendo hilo lapita uvumbuzi wake wote.

Reck alifariki tarehe 4 Agosti 1937 mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, akiwa na umri wa miaka 51. Bibi Ina aliishi hadi 1942.

Majina baada yake

Mijusi warukao walibaki katika masanduku ya Berlin, na Vita Kuu ya Pili ikapita juu ya jumba lile kwa mabomu. Mwaka 1980 Peter Galton aliichunguza upya mifupa ya miguu, akaona kwamba yule aliyeitwa brancai hastahili kukaa na Pterodactylus. Akamfananisha na mnyama wa China aitwaye Dsungaripterus. Mwaka 1999 David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich waliipitia mifupa yote, wakaona kwamba majina ya Reck yana mashaka, kwa kuwa vipande vyenyewe havitoshi kubeba majina. Mwaka 2009 wataalamu wa Brazil, Fabiana Costa na Alexander Kellner, nao walitoa maoni mengine juu ya mifupa ya mikono. Mpaka leo kazi hiyo haijafungwa.

Lakini katika vitu vilevile vilivyochimbwa zamani, Unwin na Heinrich walikuta kipande cha taya la chini lenye meno, nacho kilikuwa na alama za kutosha kumtofautisha mnyama wake na wengine wote. Wakampa jina jipya, Tendaguripterus recki, yaani bawa la Tendaguru, la Reck. Kwa hesabu zao fuvu lake lilikuwa na sentimita 20 hivi, na mabawa yakitandazwa yalifika kama mita moja. Basi majina aliyoyatoa Reck yametiwa shaka, na jina lake mwenyewe limesimama.

Hata hivyo hakuwa peke yake Tendaguru, na kwa muda mrefu majina ya wanyama wa pale yaliwaheshimu Wazungu zaidi. Siku hizi mambo yameanza kunyooka. Mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyesimamia kundi lililomchimba mnyama huyo. Kuchelewa kwa haki hiyo kwaonea haya, maana ilipita karibu miaka 100. Tena mifupa yenyewe ingali Berlin, na wapo Watanzania wanaotaka irudishwe kwao. Mimi naona dai lao lina uzito, kwani ni vigumu kwa kijana wa Lindi kujifunza kwa kitu ambacho babu zake walikichukua kichwani mpaka merikebuni, na yeye hajapata kukiona.

Wenzangu, sisi nasi kila siku twapewa vipande. Twasikia nusu ya habari ya mtu, twamchora mzima. Twajua kabila la mtu au mtaa wake, twadhani tumekwisha jua moyo wake. Na katika nchi yetu twafahamu vema majina ya namna hiyo yalivyowahi kuua watu. Kutoa jina si dhambi, kwani bila majina hakuna elimu. Lililo baya ni kulishikilia jina baada ya udongo kupimwa. Reck aliandika matabaka yake kwa uangalifu, na mifupa ya Tendaguru ilitiwa alama za mashimo ilikotoka, hata watu waliokuja miaka mingi baada yake waliweza kumsahihisha. Nasi tuandike kazi zetu namna hiyo, na siku tutakapoonyeshwa ukweli, tutie sahihi.